Tippu Tip: ni macho au ni bunduki?

Mtaani kwetu Kisauni, mwisho wa miaka ya 1980, hakuna mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Kulikuwa na Chupa, kwa kuwa babake alivaa miwani mizito. Kulikuwa na Ticha, aliyerudia darasa mara mbili. Mimi nilikuwa na langu, ambalo sitaliandika hapa maana wanangu wanausoma ukurasa huu. Na kulikuwa na mwenzetu mmoja, mlinda lango wetu, ambaye macho yake hayakujua kutulia. Akikaa, akisimama, akingoja mpira wa kona, kope zinapigapiga tu. Siku mwalimu wa GHC alipofika kwenye misafara ya pembe za ndovu, akatuonyesha kitabuni picha ya mzee mweusi mwenye kilemba na ndevu nyeupe, akatuambia kuwa mzee huyo aliitwa Tippu Tip kwa sababu ya kupepesa macho. Darasa zima likageuka nyuma. Kengele ya mapumziko haijalia, jina lishapata mwenyewe.

Lilidumu siku tatu. Siku ya tatu tulikuwa tukicheza nyuma ya nyumba yao, nyanya yake akatoka na mwiko mkononi, unga bado umeshika vidole, akaingia katikati ya uwanja. Akauliza ni nani aliyempa mjukuu wake jina la mtu yule. Hakuna aliyejibu. Akasema kwamba nyumbani kwake jina hilo halitamkwi, si kwa mzaha wala kwa hasira. Kisha akauchukua mpira, akaingia nao ndani, na hatukuuona hadi Jumamosi. Tulimwona mkali bila sababu. Jina la macho lina ubaya gani?

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu majuzi nilikuwa Unguja kwa harusi ya jamaa, na kama ada yetu watu wa Mombasa tukifika Mji Mkongwe, tukatoka alasiri kutembea. Pale Shangani tuliipita nyumba ya Tippu Tip, ile yenye mlango wa kuchonga ambao kila mgeni lazima aupige picha. Kijana mmoja mtembeza wageni alikuwa na kundi lake mbele ya mlango, akiwaeleza habari ya jina, na kuwaonyesha kwa macho yake mwenyewe jinsi mzee alivyokuwa akipepesa. Wageni wakacheka sana. Nami nilikuwa nacheka, nikajishtukia.

Basi wiki hii naomba msomaji wangu aniruhusu niache habari za bandari na bei ya unga, nizungumze juu ya mtu huyu kwa njia ya majina yake. Aliitwa majina mengi, na kila jina lilitoka kwenye kinywa cha watu wengine, waliomwona kwa upande wao.

Jina la kwanza ni la kwao. Hamed bin Muhammad bin Juma bin Rajab el-Murjebi. Alizaliwa Unguja mnamo 1837 hivi. Jina hilo ni la nasaba, linakupeleka Oman hatua kwa hatua kama mtu apandaye ngazi. Haliwataji wanawake, kama kawaida ya nasaba zetu. Lau lingewataja, lingepita kwanza Mrima, maana mama wa babu yake mzaa baba alikuwa binti wa Mwarabu wa ukoo wa Nabhani wa Maskati na mama Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji kilicho kusini ya pale ilipo Dar es Salaam leo. Ndiyo sababu picha ya kitabuni ilikuwa ya mtu mweusi, na ndiyo sababu sisi watoto wa Kisauni tulimwona kama mzee yeyote wa barazani. Watu wa bara hawakuwa wakitishwa na mtu wa mbali. Alikuwa mtu anayefanana nao, anayezungumza Kiswahili, na aliyejua desturi zao vizuri kuliko walivyojua zake.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12, kwa safari fupi fupi za karibu na pwani, biashara ya sandarusi. Babake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, mtu mzito huko, aliyekuwa ameoa katika nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Akiwa na miaka 18 hivi alimfuata babake bara, na baada ya hapo hakutaka tena kuwa chini ya mtu. Akakopa mali kwa matajiri wa Unguja, nguo na shanga na magobori na baruti, akaondoka na msafara wake mwenyewe. Biashara ile yote ilikuwa ya mkopo. Aliyerudi bila pembe alirudi kwa wadai. Nalisema hili si kumtetea, bali tujue kwamba nyuma ya kila bunduki ya bara palikuwa na daftari la mtu aliyekaa kwenye kiti pwani, akinywa kahawa, na ambaye hakupata kuitwa lakabu yoyote.

Lakabu zake Hamed zilianza njiani. Kule Uzaramo wapagazi wake walitoroka. Akaingia vijijini, akawakamata watu kwa mamia, akawafunga pamoja na kuwaendesha mbele yake wakiwa na mizigo. Wazaramo wakamwita Kingugwa Chui. Yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza maana: kwa kuwa chui hushambulia huku na huko bila kuchagua. Hebu tulitazame jina hilo kwa utulivu. Watu wamechukuliwa kutoka mlangoni mwao. Hawana mahakama, hawana gazeti, hawajui kuandika. Wana neno moja tu, nalo ni jina la mnyama. Wakampa. Jina jingine alilopata safarini ni Mkangwanzara, ambalo hufasiriwa kuwa mtu asiyeogopa lolote, pengine njaa tu.

Halafu ukaja mwaka 1867, na vita vya Nsama.

Nsama alikuwa mtawala wa Itabwa, nchi iliyo kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Alikuwa na sifa ya kutoshindwa, na wafanyabiashara wa pwani waliotangulia walikuwa wamepata hasara mikononi mwake. Hamed alifika na watu wachache kulinganisha na watu wa Nsama. Wakagombana. Alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zikashinda siku ile. Kwa hesabu yake mwenyewe alichukua pembe karibu frasila 1,950, achilia mbali shaba. Frasila ni ratili 35, kwa hiyo piga hesabu: ni zaidi ya tani 30 za pembe, na kila tani ilihitaji mabega ya watu kuifikisha pwani, mwendo wa miezi. Umaarufu wake wote uliobaki ulisimama juu ya siku ile.

Na ni katika safari hiyo jina kubwa lilipozaliwa. Sasa hapa ndipo penye shauri, kwa sababu lina maana tatu, na kila maana ina mwenyewe.

Maana ya kwanza ndiyo tuliyofundishwa darasani, na ndiyo ya mtembeza wageni wa Shangani: macho. Ni kweli alikuwa na maradhi hayo ya kope. Wazungu waliomwona waliyataja. Maana ya pili iliandikwa na Livingstone, ambaye alikutana naye huko huko bara mwaka ule wa 1867 na kusaidiwa naye. Livingstone aliliandika jina Tipo Tipo, akasikia kwamba Hamed alisimama juu ya ngawira za Nsama, akazikusanya karibu yake na kusema kwamba sasa yeye ndiye Tipo Tipo, yaani mkusanyaji wa mali. Hiyo ni maana ya watu wa msafara, wanaotazama fungu lao.

Maana ya tatu ni ya waliokimbia. Katika nchi ya Chungu, jirani ya Nsama, watu walisema kwamba bunduki za mtu huyu zinalia tip tip, na hakuna awezaye kusimama kuzisikiliza. Na aliyetuachia habari hiyo ni Hamed mwenyewe. Katika uzee wake, kwa kuhimizwa na Mjerumani aitwaye Heinrich Brode, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu wetu kusimulia maisha yake kwa lugha yetu, na inaniuma kwamba wengi wetu tunalijua jina la nyumba yake kuliko kitabu chake. Humo, alipofika kwenye jina, hakutaja macho. Alisema bunduki. Na hakulisema kwa haya.

Basi mwenye jina amesema ni bunduki, na waliompa jina wamesema ni bunduki. Ni sisi tu, wa pwani, tulioshikilia macho. Na nadhani najua kwa nini. Macho ni ya utani. Macho unaweza kumpa mlinda lango.

Miaka iliyofuata jina lake lilipanda cheo. Katika miaka ya 1870 aliingia Utetera, mashariki ya Kongo ya leo. Alikuwa amesikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mtawala wa huko, Kasongo Rushie, walitekwa wakapelekwa mbali. Akafika na hadithi kwamba mmoja wao aliuzwa hadi pwani, na kwamba yeye Hamed ni damu yake. Mzee akamwamini, akampa utawala. Sasa hakuwa tena Kingugwa. Alikuwa sultani na jamaa. Huwa nasimama sana kwenye kisa hiki. Alijua vizuri kabisa kwamba kuna mama zao waliopotelea pwani, kwa sababu biashara yake ndiyo iliyokuwa ikiwapoteza, na machungu hayo hayo ndiyo aliyoyageuza kuwa ufunguo wa mlango.

Kutoka hapo nchi ya Manyema na kando za mto Lualaba zikawa mkononi mwake na wa kwake. Ni huko ambako watu waliotekwa wakiwa watoto, wakakua ndani ya misafara, wakapewa bunduki na kuwa askari, walijiita waungwana. Naam, waungwana. Na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, ambacho ni mzizi wa Kiswahili kinachozungumzwa hadi leo mashariki ya Kongo. Mtu aliyenyang'anywa kwao na jina lake alichagua, katika maneno yote ya pwani, neno lile linalomaanisha mtu huru. Sikupata kusoma lakabu yenye uchungu kuliko hiyo.

Wazungu nao walikuwa na yao. Wakiandika Tippoo Tib, wakiandika Tippu-Tib, wakimpamba magazetini kama mfalme asiye na taji wa nchi za ndani. Stanley alimhitaji mwaka 1876 kuvuka msitu na kuufuata mto, na akamhitaji tena mwaka 1887, safari hii wakasafiri pamoja kwa meli kutoka Unguja, wakazunguka Rasi ya kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Mfalme Leopold wa Ubelgiji akampa cheo cha gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa amekusanya tani 30 za pembe akiwa kijana, sasa anapokea pauni 30 na bendera! Baadaye Stanley huyo huyo akamshtaki Unguja kwa kuvunja mkataba, kesi ambayo haikufika mbali.

Baadhi ya wandugu zetu hupenda kumalizia hapa, kwa kusema kwamba Wazungu walimtumia kisha wakamchafua jina ili wapate sababu ya kuitwaa Kongo. Kuna ukweli ndani yake. Leopold aliyejiita adui wa utumwa aliwatenda watu wa Kongo mambo ambayo dunia ilikuja kuyasikia kwa kutetemeka. Lakini uovu wa Leopold haumwoshi Hamed. Mzaramo aliyemwita Kingugwa Chui hakuwa amewahi kumsikia Leopold.

Alirudi Unguja mapema miaka ya 1890, na vita vya Wabelgiji na Waarabu wa Kongo vikazuka nyuma yake, kuanzia 1892. Mwanawe Sefu aliuawa humo mwaka 1893. Mali ya bara ikaenda. Yeye akabaki na mashamba yake ya Unguja. Waandishi wengi wametaja mashamba saba na watumwa elfu kumi. Alifariki Juni 1905, nyumbani, kwa homa ya malaria. Kwa watu wa mtaa wake alikuwa Sheikh Hamed, mzee mkarimu, mwenye adabu na mazungumzo mazuri, na siwezi kusema kwamba walidanganya. Mtu anaweza kuwa hivyo barazani.

Nilipoanza kuandika makala haya, rafiki yangu mmoja ambaye ni ustadhi alinikumbusha Suratul Hujurat, aya ya 11, ambayo inatukataza kuitana kwa lakabu mbaya. Akaniuliza kama haifai basi tumwite marehemu kwa jina lake tu, Hamed bin Muhammad, na mengine tumwachie Mola. Nimelifikiria swali lake kwa siku kadhaa, maana si la kupuuza. Marehemu hana wa kumjibia. Lakini naona aya inatukataza kumdhalilisha mtu kwa jina, na aliyedhalilishwa katika habari hii ni nani? Jina Tippu Tip alilichukua mwenyewe na kulivaa kama joho. Na kwa wale waliompa, halikuwa dharau, lilikuwa ushahidi. Tukilifuta, au tukiligeuza likawa la kope, tumewafuta mashahidi, kwa sababu hawakuacha kitu kingine. Ustadhi hakukubali wala hakukataa. Alisema atalitazama.

Narudi Kisauni. Nyumba ya yule nyanya ilikuwa hatua chache kutoka Kengeleni. Kila siku makondakta wa matatu wanaliita jina hilo, na sijui wangapi kati ya abiria wanajua kengele ile ilikuwa ya nini. Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza. Walishushwa hapo wakiwa wa kila kabila, wengi watoto, na wengi hawakuelewana lugha. Tayari walikuwa wameshapewa majina mapya njiani, yale tunayoyajua: Mabruki, Baraka, Feruzi, Bahati. Pale wamishonari wakawapa mengine tena, ya Biblia na ya Kiingereza.

Babake yule nyanya alikuwa mmoja wao. Haya hakuniambia siku ya mpira. Aliniambia miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimemaliza diploma na kuanza kuandika, na nikaenda kumwona mjukuu wake aliyekuwa akiumwa. Nyanya alikuwa hawezi tena kutembea, lakini alinikumbuka, na aliukumbuka mpira. Hakusema kwamba ni Tippu Tip aliyemchukua babake. Hakujua ni nani, wala ni nchi gani. Babake mwenyewe hakujua. Alikumbuka mto, na mlio wa bunduki alfajiri, na kutembea. Nyumbani kwao Tippu Tip lilikuwa jina la wote waliofanya kazi ile, kwa sababu ndilo jina pekee walilolipata kutoka upande wa pili.

Nilimuuliza jina la babake. Akanipa la ubatizo. Nikamuuliza la kabla ya hilo, akanipa la jahazini, alilopewa na wenye kumuuza. Nikamuuliza la kabla ya hilo. Akakaa kimya kidogo, mjukuu wake akiwa pale kitandani, kope zinapigapiga. Akaniambia kwamba babake aliwahi kulitamka mara moja, usiku mmoja wa mvua, jina alilopewa na mamake. Yeye alikuwa mtoto mdogo, usingizi umemshika, na asubuhi hakulikumbuka, na aliona haya kumuuliza tena.